Shamba Lililonunuliwa Mji Ukiwa Umezingirwa

JUMATATU

Soma Yeremia 32:1–15. Yeremia alikuwa katika hali gani alipoletewa ombi la kununua shamba? Kwa nini ununuzi huo ulionekana kuwa hasara tupu?

Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu alitabiri kwamba mji utatekwa. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake Shalumu, akamjia na kumtaka anunue shamba lake lililoko Anathothi, katika nchi ya Benyamini. Kwa sheria ya ukombozi wa ardhi (Law. 25:25), ndugu wa karibu ndiye aliyepaswa kulikomboa. Lakini ni nani anunuaye shamba katika nchi inayomezwa na adui? Isitoshe, mnunuzi mwenyewe alikuwa kifungoni, na ndiye aliyejua kuliko wote kwamba mji utaanguka.

Hata hivyo, kwa neno la Bwana, Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi hati, akaita mashahidi. Kisha akamwagiza Baruku azitie hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hakuruka hatua hata moja.

Soma Yeremia 32:16–44. Yeremia alimwambia Mungu nini baada ya kununua shamba, naye alijibiwaje?

Wengi hudhani kwamba mtu wa imani hana maswali. Yeremia alitii kwanza, kisha akaomba, na katika maombi yake hakuficha mshangao: maboma ya adui yamefika mjini, nawe, Bwana, waniambia ninunue shamba! Mungu hakumkemea. Alimwuliza kama liko neno lolote gumu asiloliweza. Wala hakumwahidi kwamba mji utaponea chupuchupu. Alisema wazi kwamba utateketezwa kwa moto (fungu la 29). Lakini alisema pia kwamba atawakusanya watu wake, na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile (mafungu ya 37, 43, 44). Maumivu yalikuwa ya kweli, na ahadi ilikuwa ya kweli vilevile.

Soma Mathayo 6:25–34. Kuna tofauti gani kati ya kujiandaa na kusumbuka?

Ndege ambao Yesu aliwataja huruka kila asubuhi kutafuta chakula. Hawakai kiotani wakisubiri kulishwa. Yesu hakusifu uvivu, wala hakukana kwamba kila siku ina taabu zake. Alichokataza ni kuibeba kesho kwa nguvu zilizotolewa kwa ajili ya leo. Yeremia aliifanya kazi ya siku ile: kupima fedha, kutia sahihi, kutunza hati. Mengine aliyaacha mikononi mwa Mungu. Vivyo hivyo, mzazi anayesubiri majibu ya vipimo vya mtoto wake anaweza kufuata maelekezo ya daktari, kutafuta nauli ya kurudi hospitalini na kuwaomba waumini wenzake wamwombee. Kukesha akiwaza mabaya yote yanayoweza kutokea hakuongezi dawa hata moja.

Yeremia hakulilima shamba lile. Mwaka uliofuata mji ulibomolewa, na baadaye alichukuliwa hadi Misri (Yer. 43:5–7). Lakini miaka ilipopita na mateka wakarejea kutoka Babeli, orodha yao ilitaja watu wa Anathothi 128 (Ezra 2:23). Kijiji kile kilipata watu tena. Yeremia hakuyaona hayo kwa macho, ila aliweka shekeli 17 juu ya neno la Yule ayaonaye.

Maswali ya kujadili

1. Ni wajibu gani wa leo ambao watu huuahirisha kwa sababu ya hofu ya kesho? Darasa litoe mifano ya nyumbani, kazini na kanisani.

2. Muumini aliyepoteza kazi anasema, “Nikiwa na wasiwasi, basi sina imani.” Maombi ya Yeremia yanamsaidiaje? Zaidi ya maneno, darasa linaweza kumfanyia nini juma hili?