Lengo au Matokeo? Usichanganye So that na So ... that

Leo tunachukua jambo ambalo wengi wetu hulichanganya: kutaja lengo na kutaja matokeo. Usidhani ni mambo ya mtihani tu. Tuseme wanaklabu wa afya wa shule moja kule Muze, bonde la Ziwa Rukwa, wamebandika tangazo hili ukutani:

We drink dirty water so that we get cholera.

Je, walitaka kusema nini? Kwamba tunakunywa maji machafu, na matokeo yake tunapata kipindupindu. Lakini walichoandika ni hiki: "Tunakunywa maji machafu ili tupate kipindupindu." Yaani wameamua wenyewe kuugua! Msomaji atacheka na ujumbe utapotea. Na ugonjwa huu si wa kuchekea hata kidogo. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya nchi yetu, na Rukwa ni mmojawapo.

Haya, chukua daftari na kalamu.

1. LENGO: so that

Lengo ni kile unachokitaka unapofanya kitendo. Kwa Kiswahili tunatumia "ili". Maneno so na that hukaa pamoja, na mara nyingi baada yake huja can au will. Kama habari ni ya wakati uliopita, tumia could au would. Kielezi, yaani neno linaloeleza kitendo kimefanyikaje, kinakaa kabla ya so that.

Fikiria gari linalotoka Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Likipita Ntendo kwenda Muze, lazima literemke ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa. Dereva mwangalifu hufanya nini?

The driver went down slowly so that the passengers would be safe.

Na nyumbani je?

Wash your hands carefully so that you will not spread germs.

Kama mtendaji ni yule yule, unaweza kufupisha kwa in order to au so as to. Ukikanusha, weka not kabla ya to:

He walked quietly so as not to wake the patient.

2. MATOKEO: so + kielezi + that

Matokeo ni kile kilichotokea, upende usipende. Kwa Kiswahili tunasema "hadi" au "kiasi kwamba". Hapa so na that zinaachana, na kielezi kinaingia katikati:

The lorry went down so fast that the driver could not stop it.

Cholera attacks so quickly that an untreated patient can die within hours.

Sentensi hiyo ya pili ishike kichwani hata nje ya darasa. Anayeharisha sana apewe maji yenye dawa ya ORS mara moja, na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Angalia makosa haya mawili. Kosa la kwanza: He ran very fast that he fell. Hapana! Very haifuatwi na that. Sema so fast that. Kosa la pili: She recovered so good that she went back to school. Good ni kivumishi, na hapa tunaeleza kitendo. Sema so well that.

3. MTEGO WA MTIHANI

Kwenye mtihani unaweza kuambiwa uanze na So. Mpangilio ni huu: So + kielezi + did + mtendaji + kitenzi kisichobadilika + that.

So quickly did the disease spread that the school was closed.

Usiandike did spreaded wala did the disease spreads. Did imeshabeba wakati uliopita, basi inatosha.

Mtego mwingine ni too ... to:

He arrived too late to get treatment.
He arrived so late that he could not get treatment.

Umeona? Too ina "hakuweza" ndani yake. Ukitumia so ... that, lazima could not uiandike mwenyewe.

KIPIMO RAHISI

Ukikwama, jiulize: mtu huyu alikusudia hivyo? Kama ndiyo, ni lengo: so that. Kama hakukusudia, yametokea tu, ni matokeo: so ... that. Sasa turekebishe lile tangazo:

We drink dirty water so often that we get cholera.
We must boil our water well so that we do not get cholera.

Ya kwanza inaonya, ya pili inaelekeza. Zote zinafaa ukutani.

ZOEZI

Unganisha au badili kama ulivyoelekezwa.
1. The girl drank slowly. She did not want to vomit. (Tumia so as not to)
2. The rain fell heavily. The latrines flooded. (Tumia so ... that)
3. He spoke too softly for the nurse to hear him. (Tumia so ... that)
4. The boat came back so late that the fish went bad. (Anza na So late)

MAJIBU (usichungulie kabla hujamaliza!)

1. The girl drank slowly so as not to vomit.
2. The rain fell so heavily that the latrines flooded.
3. He spoke so softly that the nurse could not hear him.
4. So late did the boat come back that the fish went bad.

Umepata zote? Hongera! Sasa tunga tangazo lako la afya lenye sentensi mbili, moja ya lengo na moja ya matokeo. Mwonyeshe mwalimu wako, kisha libandikeni karibu na bomba au mtungi wa maji wa shule. Kila la heri!