KUMSOMESHA MTOTO KUTAFUTA DALILI

Mtoto wa skuli akiulizwa, "Mwanga huendaje?" hujibu papo hapo: "Huenda kwa mstari ulionyoka." Jawabu ni sahihi, na katika mtihani atapewa alama yake. Lakini muulize tena, "Umejuaje?" Hapo hunyamaza, au husema, "Mwalimu ametwambia." Lau mwalimu angalimwambia kwamba mwanga huenda kwa kupinda, angalilihifadhi hilo vile vile.

Sisi tuliosoma chuoni haitupasi kuridhika na hali hiyo. Wanazuoni wetu hawakuipokea khabari ila baada ya kuuliza imepokewa kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani. Mambo yaonekanayo kwa macho nayo yana kuuliza kwake. Katika walioionyesha njia hiyo ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 akaishi Misri. Wakubwa wa kale, Uklidi na Batlamyus, walishika kwamba jicho ndilo litoalo miale. Yeye hakuwafuata kwa ukubwa wa majina yao, bali alitaka dalili. Na alipotaka kujua kama mianga huchanganyika ipitapo pamoja katika tundu moja, alipanga taa mbele ya tundu la chumba cha giza. Ukutani ikaonekana mianga kwa hisabu ya taa; na taa moja ikifunikwa, hutoweka mwanga wake peke yake.

Mtoto wa miaka tisa aweza kuyafanya hayo, mkubwa akiwa karibu kwa ajili ya moto. Patakwa chumba cha giza, mishumaa mitatu iliyopangwa safu, kadi yenye tundu kama punje ya mtama, na karatasi nyeupe nyuma ya kadi kwa umbali wa shibiri. Kabla ya kuwasha, kila mtoto aandike adhaniavyo: utaonekana mwanga mmoja au mitatu? Walimu wengi huliruka jambo hili, nalo ndilo kubwa, kwani mtu akishaona husema, "Nilijua tangu mwanzo."

Mimi nilipowafanyia watoto wa mtaani kwetu, nilidhani moyoni kwamba utaonekana mwanga mmoja mkubwa. Ikaonekana mitatu, na ndimi zake zimepinduka juu chini! Niliwaambia watoto wazi kwamba nimekosa. Kisha tukaufunika mshumaa wa kulia, ukazimika mwanga wa kushoto. Kijana mmoja akasema, "Sheikh, umeisogeza kadi." Wako watakaoona hayo ni utovu wa adabu. Mimi niliona ameuliza lililopasa kuulizwa, kwa sauti ya upole, na haki yake ilikuwa kujibiwa kwa kitendo. Tukaikaza kadi kwa mawe mawili, tukarudia mara tatu, kila mara tukifunika mshumaa mmoja tu. Lau tungalifunika miwili pamoja, tusingalijua upi umezima upi. Mambo yakawa yale yale, na kijana akaridhika. Ndipo tulipochora mistari kutoka kila mshumaa kupita tunduni, na kila mtoto akaona kwa nini kulia kumekuwa kushoto.

Wazee huniambia kwamba mtoto azoeaye kudai dalili atakuja kuwabishia wakubwa wake. Khofu hiyo naifahamu. Lakini mtoto huyu ameuuliza mshumaa, na amemwona mkubwa wake akikiri kosa bila ya kuvunjika heshima. Matamko ya sala tutaendelea kumhifadhisha. Mwanga haujulikani kwa kuhifadhi.

Mtaala ulioanza kutumika Kenya nzima mwaka 2019 umemtaka mtoto ajifunze kwa kutenda. Kwa somo hili mishumaa yatosha. Chombo cha ghali hakihitajiwi.

Tulipokuwa tukikusanya vitu, mtoto mdogo kuliko wote aliuliza, "Tundu likipanuliwa itakuwaje?" Sikumjibu. Nilimwambia aandike adhaniavyo, kisha nikampa msumari. Akalipanua kidogo kidogo, na ile mianga mitatu ikavimba, ikapoteza umbo lake, mpaka ikaingiliana.