Nilivyomnyang'anya Bibi Ungo



Bibi alipoanza kupata shida kuinuka mkekani, nilimkataza kwenda mwaloni, hapa Ujiji, kuanika dagaa. Nikamnyang'anya ungo, ndoo, hata ufagio. "Bibi, wewe kaa tu." Akakaa. Baada ya miezi michache hata chooni hafiki bila kushikwa. Muuguzi akaniuliza, "Nani alimwambia akae?" Nikanyamaza. Mjukuu mwema, eti!

Misuli ya mzee isipotumika hupungua haraka, na kuirudisha ni kazi. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza kumvumilia baba mzee hata akili zikimpungua. Hasemi tumfungie ndani. Na Mpako wa Wagonjwa si wa anayekata roho tu: mzee aliyedhoofika sana anaruhusiwa kuupokea hata kama hana ugonjwa mkubwa. Bibi aliupokea kitini, akataniana na padre.

Siku hizi anachambua dagaa tena. Jumapili tunatoka mapema. Anatembea na mkongojo hadi mwembeni, anapumzika, anaendelea. Mimi nabeba kigoda. Akisema, "Niache," namwacha.