Neno "Spitfire" Katika Barua za Kazi: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Makomeno

Mwongozo huu ni kwa watu wa Makomeno, hapa Lubumbashi, wanaofanya kazi ofisini, gereji, maabara na kwenye usafirishaji, ambao siku hizi ni vigumu wamalize wiki bila kuandika kitu kwa Kiingereza. Faili na mikataba bado ni ya Kifaransa, na mazungumzo ya korido ni ya Kiswahili. Lakini migodi ina wabia wa Afrika Kusini, India na China, na lori zetu zinashuka hadi Kasumbalesa, kilomita 90 hivi, ambako upande wa pili wa mpaka Wazambia wanasubiri karatasi za Kiingereza. Humo ndimo linamopita neno "spitfire", mtema moto, kwa maana ya mtu mkali, mwepesi kuwaka, asiyekubali kuonewa.

Mara nyingi anayeliandika anadhani anamsifu mwenzake. Hata hivyo, tunashauri lisiingie kabisa katika barua, ripoti wala tathmini ya mfanyakazi.

Wengi wanalijua kama jina la ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Husimuliwa kwamba mkuu wa kampuni ya Vickers, Robert McLean, alikuwa akimwita hivyo binti yake, na ndege ikarithi jina la utani la mtoto. Baba kumwita binti yake hivyo mezani hakuna tatizo. Tatizo linaanza neno linapotoka nyumbani na kupachikwa watu wazima. Kuanzia mwaka 1940 watengenezaji wa sinema wa Marekani walitoa mfululizo wa filamu wenye jina "Mexican Spitfire", akiigiza Lupe Vélez, mwigizaji mzaliwa wa Meksiko. Anachokifanya humo ni kupayuka, kukasirika na kuchekwa. Tangu hapo msomaji wa Kiingereza akikutana na neno hilo juu ya mwanamke wa kigeni, picha hiyo inamjia: huyu hana hoja, ana damu moto tu. Mama wa Lubumbashi anayeitwa hivyo katika barua ya kwenda Johannesburg anabebeshwa picha hiyo bila kuulizwa, na pengine bila kujua kwamba imeandikwa.

Ndugu za neno hilo nao wana mitego yao. "Feisty" huonekana laini zaidi, lakini asili yake ni mbwa mdogo mwenye kelele, na Waingereza hawalitumii kwa mkurugenzi mwanamume mwenye kifua kipana. Hulitumia kwa wanawake, wazee na watu wafupi, yaani wale ambao hawakutegemewa kuwa na nguvu. "Firebrand" ni kijinga cha moto, na katika magazeti huwekwa mbele ya jina la mwanasiasa anayewasha umati. "Hothead" ni tusi, basi.

Kwa upande wetu tuna "pilipili", tuna "mukali", na tunasema fulani "iko na moto". Haya si maneno mabaya. Tena Lubumbashi ina jina Pilipili la kuheshimiwa sana: mchoraji Pilipili Mulongoy, aliyeishi kuanzia 1914 hadi 2007, mmoja wa wasanii wa karakana ya Hangar ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mjini mwaka 1946. Samaki na ndege wake wamechorwa kwa subira kubwa, alama ndogo baada ya alama ndogo, na anayetafuta hasira katika picha zile hataipata. Kwa hiyo hatusemi watu waache kutaniana. Rika lako unaweza kumwita pilipili mkiwa mnasubiri basi. Yaya au papa aliyekutangulia kazini humwiti hivyo mbele za watu, na mtu wa chini yako ndiye wa kuchungwa zaidi, kwa sababu yeye hana nafasi ya kukujibu.

Karatasi ni jambo jingine. Utani wa korido unaisha siku ileile. Karatasi inabaki kwenye faili, inasomwa na shefu mpya ambaye hajamwona mhusika hata mara moja, na neno moja linamfungia mlango wa kupandishwa cheo.

Mji huu unajua kwa uchungu jinsi mtu anayedai kwa sauti anavyoweza kuchukuliwa. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara, vita ikiwa imepandisha bei za vitu. Karani Léonard Mpoyi alisimama kuwasemea mbele ya wakuu wa serikali ya kikoloni, katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Tarehe 9 Desemba askari walifyatua risasi, na Mpoyi akafa pamoja na wenzake wengi. Madai yake yalikuwa ya hesabu: mshahara huu, bei hizi. Wakubwa waliona mtu wa fujo. Mfanyakazi wa leo anayeitwa "spitfire" hapigwi risasi, tunashukuru, lakini anapokwa jambo lilelile: hesabu yake haisomwi, inasomwa sauti yake.

Basi uandike nini? Andika kilichotendeka. Tuseme karani wa mizani amesimamisha lori mbili za shaba langoni. Uzito ulio kwenye karatasi haulingani na ule wa mizani, na namba ya lakiri moja imefutika. Dereva analalamika, karani anapaza sauti, foleni inarefuka hadi barabarani. Jioni msimamizi anaandika kwa Kiingereza kwamba mama huyu ni "spitfire" na kufanya naye kazi ni shida. Sentensi hiyo imeficha kila kitu chenye maana. Iliyofaa ni hii: "Saa tisa alasiri karani alisimamisha lori mbili kwa sababu ya tofauti ya uzito na lakiri isiyosomeka. Alibishana na dereva kwa sauti ya juu. Lori zilipimwa upya na tofauti ikathibitishwa. Foleni ilichelewa." Hapo kupaza sauti kumetajwa, wala hakukufichwa, ila kumekaa mahali pake, nyuma ya sababu yake. Kiingereza cha kuandika hayo ni chepesi kuliko kile cha kutafuta neno la kupamba.

Ikiwa kweli mtu amemtukana mwenzake, usimwonee haya wala usimpambe. Taja siku, mahali, maneno aliyoyasema kwa lugha aliyoyasema, na nani aliyasikia. Na kama unataka kumsifu mtu kwa ushupavu wake, taja tendo: alikataa kutia sahihi karatasi yenye kasoro, aliripoti breki mbovu kabla ya zamu kuanza. Sifa ya namna hiyo mkuu wa mbali hawezi kuigeuza kejeli.

Wasimamizi wakumbuke pia sheria. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kila kuachishwa kazi kwa mkataba usio na kikomo kuwe na sababu halali, inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya kampuni. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu. Neno la rangirangi halithibitishi mwenendo wowote. Mbele ya mkaguzi wa kazi utaulizwa matukio, na kama hukuyaandika huna la kuonyesha. Katika cheti cha mwisho wa kazi ndiyo kabisa: hutajwa aina ya kazi, muda wake na namba ya usajili, na maoni juu ya tabia hayana nafasi.

Nawe uliyekuta neno hilo limeandikwa juu yako, usijibu siku hiyo ukiwa umewaka. Omba nakala. Andika barua fupi ukiuliza ni tendo gani, la tarehe gani, linalokusudiwa, na uombe jibu lako liambatanishwe kwenye faili. Mpe mjumbe wa sendika nakala na ubaki na moja yenye muhuri wa kupokelewa. Kama neno hilo limetumiwa kukunyima haki yako na mazungumzo ya ndani yameshindikana, peleka jambo kwa Mkaguzi wa Kazi, maana usuluhishi wake hutangulia Mahakama ya Kazi. Na uende na karatasi zako zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.