Naharai Aliandikwa kwa Jina

SOMO LA WIKI
Soma: 2 Samweli 2:18-32 na 23:24-39



Orodha za majina kwenye Biblia wengi wetu huziruka. Tukifika 2 Samweli 23 tunasoma mashujaa watatu wa mwanzo, basi, tunafunga kitabu. Wiki hii nawaomba tusiruke.

Kwenye orodha ya wale thelathini wa kwanza ni Asaheli, mdogo wake Yoabu. Huyu aliuawa na Abneri kule Gibeoni, na kila mtu aliyefika pale alipoanguka alisimama. Ndugu zake walimbeba wakamzika katika kaburi la baba yao Bethlehemu. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini walikuwa na mwili na walikuwa na kaburi.

Sasa shuka chini kidogo, mstari wa 37. Pale yupo Naharai, Mbeerothi. Kazi yake? Kumchukulia Yoabu silaha. Mtu wa kubeba! Wala hakuandikwa kama “mmoja wa wachukuzi”. Ametajwa jina lake na kwao. Na wa mwisho kabisa ni Uria, Mhiti, mgeni aliyewekwa mbele penye vita vikali ili afe, kwa barua ya mfalme mwenyewe. Ingekuwa ni sisi tunaandika habari za ikulu, jina hilo tungelifuta. Roho Mtakatifu hakulifuta.

Nimeleta habari hii kwa sababu yetu. Wengi wetu hapa Mpeketoni wazee wetu walitoka bara miaka ya 1970, wakapewa mashamba. Ukimhoji mzee kuhusu babu yake utasikia neno “kariakoo”. Leo tunalijua kama jina la soko Dar es Salaam na mtaa Nairobi, lakini lilikuwa jeshi la wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kule Ufaransa vita vilikwama kwenye mahandaki. Huku kwetu mahandaki yalichimbwa pia, kama pale kilima cha Salaita karibu na Taveta, ila jeshi lilitembea sana, hadi ndani ya Msumbiji. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mizigo ikawekwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1917 serikali ilikusanya vijana kwa nguvu, kijiji kwa kijiji. Wagiriama waliokataa mwaka 1914 walipigwa, wakatozwa faini na bado wakatakiwa kutoa watu.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, baridi, na unga usioiva vizuri. Wakafukiwa kando ya njia. Mishahara ya wengi haikufika kwa warithi.

Ukienda Mombasa au Nairobi utaona sanamu za ukumbusho wao, maandishi yake kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Zitazame vizuri: hakuna jina hata moja. Askari mzungu alipata jiwe lake na jina lake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hasa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Miaka mia imepita, lakini ni afadhali kukiri.

Najua kuna mpendwa anajiuliza, mchungaji, si haya ni mambo ya mizimu? Hapana. Hatuwaombei marehemu, hatuzungumzi nao, hatuwamwagii kitu. Tunataja jina mbele ya watu, kama Biblia inavyotaja la Naharai. Kuogopa tambiko kusitufanye tuwasahau ndugu zetu.

Na jambo hili si la zamani tu. Tangu Juni 2014 hapa kwetu, na El Adde Januari 2016, na msitu wa Boni, ziko nyumba zenye picha ya kijana ukutani ambayo wageni hawaiulizii, eti wasimwumize mama. Jamani, ulizeni. Mama huyo anataka kusikia jina la mwanawe kinywani mwa mtu mwingine.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Jumatano kila mmoja aje na jina moja la mtu wa ukoo wake aliyekwenda kariakoo, au keya, au jeshi la juzi, asirudi. Andika jina lake, la baba yake, na alikotoka. Usipolijua, muulize mzee kabla ya Jumatano, na umwulize pole pole. Viongozi wa vikundi wataleta karatasi kanisani Jumapili, na majina yatasomwa yote kabla ya mahubiri, hata kama ibada itachelewa.