Mkaa si Makaa ya Mawe: Njia ya Kufundisha Somo la Nishati Darasa la Tano

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa nikisikiliza somo la nishati. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa na andalio zuri na mwandiko safi. Aliandika ubaoni kwamba nishati za kisukuku ni petroli, dizeli, mkaa na kuni, na kwamba azitumiaye anaiharibu dunia. Watoto walinakili. Kisha mmoja wao akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, baba yangu anachoma mkaa. Je, ni mtu mbaya?" Mwanachuo alinyamaza kidogo, halafu akasema kwamba swali hilo halikuwamo katika somo la siku ile.

Kwa maoni yangu, swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi ya kulikabili.

Mwalimu na ajue kwanza

Majina ya Kiswahili hukaribiana hapa, nasi hujikwaa. Mkaa hutokana na mti uliochomwa katika tanuri la udongo. Makaa ya mawe huchimbwa ardhini, kama kule Kiwira na Ngaka. Mti hukua katika umri wa mtu mmoja. Lakini makaa ya mawe, petroli na gesi asilia vilitokana na mimea na viumbe vilivyofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita. Tuvichomapo, twarudisha angani hewa ya ukaa iliyokuwa imefungiwa chini muda huo wote, nayo huzuia joto la dunia lisitoke.

Mti ukikatwa, na mwingine ukakua mahali pake, hewa ile huingia katika mti mpya. Usipoota mwingine, deni halilipwi. Basi kosa la mchoma mkaa, kama lipo, ni kukata upesi kuliko msitu unavyokua. Tena hakati kwa ajili yake peke yake, bali kwa ajili ya mji mzima unaonunua. Hilo ndilo jibu alilostahili mtoto yule.

Mwalimu asifiche pia habari ya gesi ya mitungi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi humwondolea mpishi moshi na huupa msitu nafuu. Hata hivyo nayo ni ya kisukuku, na huletwa kwa meli kutoka nje. Ni hatua katika safari, si mwisho wake. Mbele yake kuna umeme wa maji, kama ule wa Kidatu na wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuna jua, na kuna gesi itokanayo na samadi ya ng'ombe.

Vipindi vitatu

Kipindi cha kwanza ni cha kuhesabu. Kwa siku tatu kabla ya somo, kila mtoto aangalie nyumbani kwao ni kitu gani kilichotumika kupikia, kuwashia taa na kusafiria. Darasani, majibu yapangwe katika safu tatu: kinachokua tena, kilichochimbwa, na kile cha jua, maji au upepo. Jina la mtoto lisiandikwe, ili nyumba yenye kibatari isiaibishwe mbele ya nyumba yenye umeme.

Kipindi cha pili ni cha jaribio. Vikundi viwili viwashe mafiga nje ya darasa, mahali pasipo upepo. Kila kikundi kipimiwe kuni kilo 2 na maji lita 2 katika sufuria zinazolingana. Kimoja kifunike sufuria, kingine kisifunike. Maji yakichemka, moto uzimwe kwa mchanga na kuni zilizobaki zipimwe. Tofauti izidishwe kwa siku 30, na hesabu hiyo ifanywe na watoto wenyewe. Mwalimu akae karibu na moto wakati wote.

Kipindi cha tatu ni cha baraza. Mwalimu amwalike mchoma mkaa, kwa heshima, aeleze miti aliipata umbali gani alipoanza kazi na anaipata umbali gani sasa. Kisha darasa lichague jambo moja liwezalo kulitimiza lenyewe: kuloweka maharage ya shule usiku kucha, kuanika kuni chini ya paa, au kuotesha miti ya kuni. Jambo moja lililotimizwa lina faida kuliko kumi yaliyoandikwa.

Tathmini

Usiulize, "Nishati ya kisukuku ni nini?" Uliza hivi: "Lori la dizeli limebeba magunia ya mkaa. Kipi hapo ni cha kisukuku, na kipi kinaweza kukua tena?" Ajibuye kwa sababu ameelewa. Baada ya mwezi mmoja, nenda nao jikoni mkapime tena kuni.

Mwisho

Wengi wa watoto wetu hawana gari wala mtambo, nao hawakulileta joto hili. Tusiwatwike hatia isiyo yao. Tuwape maarifa ya kupima na kuchagua, na tusiwatume nyumbani kwenda kuwashitaki wazazi wao. Mwanachuo, swali likikushinda, sema, "Tutalitafuta pamoja," kisha ulitafute kweli.