Somo la Afya: Kutuliza Maumivu Baada ya Kupandikizwa Figo

Mkazi wa Free Area anaporudi nyumbani na figo mpya kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, au Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, duka la dawa huwa karibu naye kuliko daktari aliyempasua. Kidonge kimoja kisichofaa kinaweza kuihatarisha figo hiyo.

Maumivu ya kawaida

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja. Kidonda huuma kwa wiki kadhaa, lakini maumivu hupungua polepole. Nyumbani, parasetamoli ndiyo hutangulia. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500; daktari anaweza kupunguza kipimo hicho. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli, nazo zihesabiwe.

Mto ukishikiliwa tumboni husaidia wakati wa kukohoa au matatu inapopita kwenye matuta. Mgonjwa atembee kidogo kila siku, na asibebe mtungi wa maji hadi daktari amruhusu.

Dawa za kuepuka

Ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo. Takrolimasi, dawa inayozuia mwili kuikataa figo mpya, nayo hubana mishipa hiyo hiyo. Zikitumiwa pamoja, figo inaweza kuharibika. Jamaa aliyetoa figo amebaki na moja tu, hivyo naye asizitumie bila ushauri wa daktari. Dawa za mitishamba pia ziepukwe, kwa kuwa baadhi huvuruga utendaji wa takrolimasi.

Dalili za hatari

Mgonjwa apime joto la mwili kabla ya kumeza parasetamoli, kwani dawa hiyo hushusha homa na inaweza kuficha maambukizi. Akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, mkojo ukipungua, miguu ikivimba, kidonda kikitoa usaha au maumivu yakizidi mahali ilipo figo, afike siku hiyo hiyo katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru na kuipigia simu kliniki iliyompandikiza.

Dukani, kabla ya kutaja maumivu, aseme kwanza: "Nimepandikizwa figo."